Chumvi Haina Haraka

Ndugu zangu waendesha pikipiki, asanteni kwa kuja. Najua baadhi yenu mmefika hapa mkitaka jina moja tu la dawa ya kupuliza ya kuzuia kutu, mliandike kwenye simu, mrudi zenu nyumbani. Jina nitalitaja, ila si sasa. Nikilitaja sasa viti vitabaki vitupu.

Kwanza nyosheni mikono. Nani kati yenu anaendesha hata wakati wa theluji, barabara ikiwa nyeupe kwa chumvi? Sawa, wengi. Na nani kati ya hao akifika nyumbani anaiingiza pikipiki ndani, mahali penye joto? Naona mikono imepanda kwa fahari. Msiishushe bado. Hata mimi ningenyosha wangu, miaka hiyo.

Majira yangu ya kwanza ya baridi nikiwa na pikipiki mpya, niliihurumia sana. Kila jioni nilikuwa naiingiza kwenye banda lenye hita, naifunika turubai la plastiki hadi chini, nazima taa polepole kana kwamba namwacha mtoto usingizini. Jirani yangu alikuwa na pikipiki kuukuu, yeye aliiacha nje chini ya kibaraza, inapigwa na baridi usiku kucha. Nilimsikitikia. Baridi ilipokwisha nikaipeleka yangu kwa fundi. Bolti mbili za injini zilikatika vichwa alipojaribu kuzifungua. Pistoni moja ya breki ya nyuma ilikuwa imeganda kabisa. Chini ya fremu rangi ilikuwa imevimba malengelenge, ukiyabonyeza yanatoa maji ya hudhurungi. Ya jirani? Ilikuwa chafu. Aliimwagia maji, akaifuta, akaondoka nayo.

Ilinichukua muda kuelewa, na nililolielewa ndilo lililonileta mbele yenu leo: pikipiki hailiwi na chumvi barabarani. Inaliwa nyumbani, imeegeshwa, na wewe umelala.

Tuitazame chumvi yenyewe. Sehemu kubwa ya ile inayomwagwa barabarani ni kloridi ya sodiamu, ndugu wa damu wa chumvi ya mezani, isipokuwa hii haikusafishwa. Inachimbwa chini ya ardhi ikiwa mwamba. Kule Winsford, katika eneo la Cheshire nchini Uingereza, kuna mgodi uliofunguliwa mwaka 1844, na chumvi yake inatoka na rangi ya udongo kwa sababu imechanganyika na udongo kweli. Huko Marekani jimbo la New Hampshire ndilo lililoanza kuijaribu kwenye barabara kuu, mwaka 1938. Kwa hiyo si jambo la jana, wala halitaisha kesho, kwa sababu linaokoa watu: maji yenye chumvi hayagandi haraka kama maji matupu. Yakiwa na chumvi kiasi cha asilimia 23, yanastahimili hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Barabarani haifiki huko, inaanza kuchoka kwenye nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri, ndiyo maana penye baridi kali zaidi wanatumia kloridi ya kalsiamu au ya magnesiamu, mara nyingi ikiwa tayari imeyeyushwa kwenye maji na kunyunyizwa na lori.

Hizo mbili ndizo zinazoninyima usingizi. Chumvi ya kawaida inaanza kuvuta maji ya hewani na kulowa yenyewe pale unyevu wa hewa unapokaribia asilimia 75. Hizi ndugu zake hazina subira hiyo. Asilimia 30 na kitu inatosha. Sasa fikirini maana yake. Umefika nyumbani, umeifuta pikipiki kwa tambara, umeigusa, kavu. Umefunga mlango. Lakini nyuma ya kalipa, kile kinachobana diski ya breki, chini ya madigadi, kwenye kishimo cha kichwa cha bolti, mahali ambapo tambara halikufika, kuna punje zinazokunywa hewa. Kufika usiku wa manane zimeshakuwa tone la maji makali. Pikipiki imelowa ndani ya banda, bila mvua, mlango umefungwa. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wameona kalipa ya breki, ila mimi siku hizi nikiusikia msemo huo ndiyo ninayoifikiria.

Kutu inataka chuma, maji na oksijeni. Hivyo vitatu vikikutana, kazi inaanza hata bila chumvi. Chumvi inachofanya ni kuyafanya maji yapitishe umeme vizuri, na kutu, msishangae, ni kazi ya umeme. Sehemu moja ya chuma inaachia elektroni, sehemu nyingine inazipokea, kama betri ndogo isiyoonekana, na malipo yake ni chuma chako kugeuka unga. Sasa ongeza joto. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria tu kwamba joto likipanda nyuzi 10, mmenyuko wa namna hii unakwenda kasi kama maradufu. Hesabuni wenyewe tofauti kati ya kibaraza cha jirani, nyuzi 5 chini ya sifuri, na banda langu lenye nyuzi 18. Nilikuwa naipika pikipiki kwa moto mdogo, na nimeifunika sufuria kwa turubai ili mvuke usitoke.

Kuna bwana aliwahi kuniambia, "Yangu injini ni alumini, rimu alumini, alumini haishiki kutu." Ni kweli nusu. Alumini inajivisha ngozi nyembamba ya oksidi na ngozi hiyo inashikamana nayo, tofauti na kutu ya chuma inayobanduka magamba na kuacha chuma kipya wazi. Lakini kloridi iliyo ndani ya chumvi inaitoboa ngozi hiyo. Inachimba vishimo vidogo, na unaona unga mweupe. Penye rangi ya juu iliyochubuliwa na kokoto, unga unatambaa chini ya rangi kama nyuzi za buibui. Hata kile chuma kinachoitwa kisichoshika kutu kinapata madoa ya rangi ya chai.

Na pale bolti ya chuma inapoingia kwenye mwili wa injini wa alumini, mambo ni mabaya zaidi. Metali mbili tofauti, katikati yake maji ya chumvi: hapo umetengeneza betri ya kweli, na anayejitoa mhanga ni alumini. Unga wake mweupe unahitaji nafasi kubwa kuliko metali iliyokuwepo, kwa hiyo unavimba ndani ya uzi wa bolti na kuing'ang'ania. Mwezi wa nne unaleta spana, unavuta, kichwa kinabaki mkononi. Ndicho kilichozipata bolti zangu mbili.

Basi tufanye nini?

Kazi kubwa ni ya kabla ya chumvi kumwagwa, siku moja, ukiwa huna haraka. Ioshe vizuri, na ikauke kabisa, maana ukipaka mafuta juu ya unyevu umeufungia ndani. Bolti za sehemu utakazozihitaji kuzifungua, zitoe moja moja, ziguse na grisi ya kuzuia kukwama, zirudishe kwa nguvu inayotakiwa. Soketi za waya, zifungue, weka grisi ya silikoni kidogo. Vichwa vya betri, Vaselini inatosha. Rangi, piga nta. Hayo ni ya kupita haraka.

Halafu ndiyo ile dawa mliyoijia. Ninayoitumia mimi ni ACF-50. Ilitengenezwa kwa ajili ya ndege, na kazi yake ni kupenya kwenye maungio, kuyasukuma maji, na kubaki pale ikiwa utando mwembamba wa mafuta. Zipo nyingine za aina hiyo, sina ugomvi nazo. Lakini nawaomba tusiichanganye na WD-40. WD-40 ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, na jina lake lenyewe, kwa Kiingereza, linasema kuhamisha maji, fomula ya jaribio la 40. Watengenezaji wake walikuwa wakitaka kulinda ngozi ya makombora ya Atlas. Kuhamisha maji inahamisha kweli, na mimi naipuliza baada ya kuosha. Ila utando wake ni mwepesi. Ukiupaka mwanzoni mwa baridi ukategemea kuukuta mwishoni, chini ya gurudumu linalorusha maji kila siku, utakuwa unajidanganya.

Jinsi ya kupaka: usipulize wingu. Loweka tambara au brashi, paka fremu, mkono wa gurudumu la nyuma, bolti, mabano, mwili wa injini. Diski za breki zifunike kwa mfuko kabla hujafungua kopo, na pedi na matairi yasiguswe kabisa. Nimeona mtu kapuliza kwa moyo mkunjufu, akatoka nje ya geti, akabana breki, breki haikuwepo. Alisimamishwa na ua wa jirani. Alicheka, lakini barabarani ungekuwa msiba. Jueni pia kwamba utando huo unanasa vumbi na pikipiki itaonekana chafu majira yote. Iacheni hivyo. Pikipiki inayometameta katikati ya majira ya chumvi naitilia shaka kidogo, maana mwenyewe ama haendeshi, ama anasugua mafuta yake yote kila Jumamosi.

Sasa kuosha, na hapa ndipo nitakapokaa.

Osha siku hiyohiyo uliyopita kwenye chumvi. Hata kama ni bila sabuni, hata kama ni ndoo mbili za maji na giza limeingia. Kuosha vibaya leo ni bora kuliko kuosha vizuri Jumamosi. Tumieni maji baridi. Wengi wanapinga, wanasema maji moto yanayeyusha vizuri. Grisi, ndiyo. Chumvi, hapana: mililita 100 za maji ya nyuzi 20 zinayeyusha gramu 36 hivi za chumvi, na yakichemka zinayeyusha 39. Hiyo tofauti ya gramu 3 unainunua kwa kuipasha metali joto ikiwa bado ina chumvi. Haina faida.

Maji yawe mengi, nguvu iwe ndogo. Mashine ya maji ya shinikizo ukiielekeza kwenye beringi za magurudumu, kwenye sili za shokapu au kwenye soketi za waya, unaisukuma chumvi mahali ambapo isingefika yenyewe. Anzeni chini, maana huko ndiko iliko: nyuma ya injini, ndani ya madigadi, chini ya mkono wa nyuma, kati ya rejeta na injini, nyuma ya kalipa. Tangi na taa, ambavyo kila mtu anaanza navyo, ndivyo vinavyohitaji maji kidogo kuliko vyote. Eksozi iacheni ipoe kwanza.

Kuhusu sabuni: ile ya maji ya kuoshea vyombo iacheni jikoni. Nyingi zinatiwa chumvi ili ziwe nzito. Naam, chumvi. Na zinaondoa nta uliyoipaka. Shampuu ya magari inafaa.

Na ikiwa nje ni chini ya sifuri? Usioshe. Maji yatagandia kwenye kebo, kwenye kufuli, kwenye breki, na asubuhi utakuwa na sanamu. Iache nje penye baridi, ikiwa imefunikwa kwa kitu kinachopitisha hewa, usubiri siku ambayo joto limepanda. Chumvi iliyo kwenye baridi inafanya kazi polepole. Msiikimbize ndani kwenye hita ikiwa na chumvi yake. Ikishaoshwa na kukauka, banda lenu la joto si tatizo tena, na mikono ile iliyonyoshwa naweza kuisamehe.

Kukausha. Kwa kawaida watu wanaambiwa waizungushe pikipiki kidogo ikauke na upepo. Ushauri mzuri, isipokuwa barabara ileile ndiyo iliyokuchafua, kwa hiyo utairudisha na chumvi mpya. Mashine ya kupuliza majani makavu inafaa kuliko chochote. Tambara linafuata. Kisha sukuma pikipiki mbele na nyuma ukibana breki mara kadhaa, pedi zifute diski.

Breki nataka niziongelee peke yake, kwa sababu kutu ya fremu inakuharibia bei ya kuuza, lakini ya breki inakuharibia wewe. Ndani ya kalipa kuna pistoni zinazotoka kidogo kidogo kadiri pedi zinavyoisha. Ile sehemu iliyotoka nje ya sili inabaki wazi, na chumvi na vumbi la pedi vinaipaka ukoko. Halafu siku ya kubadilisha pedi, fundi mwenye haraka anazisukuma pistoni zirudi ndani na ukoko wake. Ukoko unaikwaruza sili, pistoni inagoma. Kwa hiyo safisha kwanza, maji ya sabuni na mswaki wa zamani, pistoni izungukwe pande zote, ndipo uisukume. Zile pini ambazo kalipa inateleza juu yake zipake grisi ya silikoni au ile maalumu ya breki. Grisi ya kawaida ya mafuta inaufanya mpira uvimbe. Mimi naifungua kalipa mara moja kwa mwezi katika majira ya chumvi. Asiyejua kuifungua asijifunzie kwenye barabara yenye barafu, ampe fundi. Na mkishairudisha, pampuni breki mpaka mkono au pedali iwe ngumu, kabla hamjaenda popote.

Dalili mtazijua: gurudumu likiinuliwa halizunguki kwa uhuru, au umetembea mwendo mfupi bila kubana breki na diski ina moto. Isikilizeni kwa kiganja kilichowekwa karibu, si kwa kuigusa. Mwenzangu mmoja aliigusa.

Mnyororo. Wengi wenu mna ile yenye mipete ya mpira inayofungia grisi ndani. Mafuta mnayoongeza nje ni ya kuzuia kutu na kuilainisha hiyo mipira. Safisheni kwa mafuta ya taa na brashi laini, si petroli, si brashi ya waya. Pakeni mafuta mnyororo ukiwa na vuguvugu, baada ya safari na kuosha. Na injini iwe imezimwa! Zungusheni gurudumu kwa mkono. Kuna watu waliwasha, wakaweka gia ili gurudumu lizunguke lenyewe, tambara likavutwa kwenye sproketi na vidole vikafuata.

Zile nguzo zinazong'aa za shokapu za mbele zipanguseni kwa tambara lenye mafuta kila mnapoosha. Kishimo cha ukubwa wa ncha ya sindano kinatosha kuikata sili, na mafuta yakivuja yanashuka moja kwa moja kwenye breki ya mbele.

Kwa wale mnaoiegesha majira yote: ioshe kabla ya kuiegesha, hata kama safari ya mwisho ilikuwa fupi. Jaza tangi ili hewa yenye unyevu isipate nafasi ndani. Na acheni ile desturi ya kuiwasha dakika tano kila Jumapili "ili ipate kuchemka". Haichemki. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa maji yanayokaribia lita moja, yanatoka yakiwa mvuke. Injini ikipata joto kamili mvuke unatoka nje. Kwa dakika tano unageuka maji kwenye eksozi baridi na kuingia kwenye oili. Mnaitengenezea kutu ya ndani kwa petroli mliyoinunua. Ama iendesheni safari ya kweli, ama iacheni ilale, na betri iwe kwenye chaja ndogo ya kuitunza.

Jambo la mwisho kabla ya maswali: siku ya jua la kwanza msikimbilie nje. Lori limeacha kumwaga, lakini chumvi bado imelala kandoni mwa barabara, inasubiri gurudumu la kuirusha. Subirini mvua nzuri mbili tatu ziioshe barabara.

Nilipofika hapo ndugu mmoja wa safu ya tatu alisimama akauliza kama anaweza kupaka oili iliyotumika ya injini, maana anayo nyingi na ni ya bure. Nilimjibu hivi: oili iliyotumika imebeba masizi, asidi za mwako na chembe za metali, unakwenda kuiweka juu ya metali unayotaka kuilinda. Inachuruzika kwenye tairi, na inayobaki inamwagika ardhini. Ipeleke inakopokelewa oili chakavu. Dada mmoja akauliza kama turubai ni vibaya siku zote. Si vibaya likiwa la kitambaa kinachopumua, na pikipiki iliyo chini yake ikiwa imeoshwa na kukauka. Langu lile la plastiki nimelikata, nalitandika chini ninapobadilisha oili.

Kisha nikawaambia wote: pikipiki yangu iko hapo nje. Nimekuja nayo asubuhi hii, barabara ilikuwa imemwagwa usiku, na makusudi sijaiosha. Kuna ndoo mbili na mpira wa maji. Aje mtu mwenye vidole vyembamba, apapase nyuma ya kalipa ya nyuma, atuambie kama pamekauka.